Mgongo wa Mtu Juu ya Ngazi

9 Februari

Mwanangu Jicho,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako ni mzima na amekata nywele. Ukipiga simu msifie mapema, mimi nilichelewa na mpaka leo naangaliwa kwa pembe ya jicho. Nami sijambo ukiondoa goti la kushoto, ambalo siku hizi linapanda ngazi kwa kunung'unika. Wewe je, kifua kimekwisha? Dawa uliimaliza chupa nzima, au uliiacha ulipoona nafuu kama kawaida yako?

Boksi limefika. Vitabu kumi na vinne, nimevihesabu mbele ya mtu wa posta mpaka akaanza kutazama saa. Ahsante. Uliniuliza kwenye simu mzee mzima anataka vitabu vya watoto vya nini, nikakwambia nitaandika. Basi ni hivi. Maktaba ya mtaani imefungua chumba cha watoto. Zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu. Sasa kimesafishwa, kina rafu fupi na dirisha kubwa. Mkutubi, mama mmoja mwenye sauti ya chini lakini hapindishwi, ananitaka nichore kuta zote nne, matukio kutoka vitabu ambavyo vijana wanasoma leo, si vya enzi zetu. Nikamwambia sichori nisichokisoma. Akacheka, akadhani natania.

Nimevisoma vyote. Sasa keti, maana nina hasira.

Kwanza, baba. Kati ya vitabu kumi na vinne, baba amekufa katika vinane, tena mapema, hafiki ukurasa wa kumi. Katika vitatu amesafiri na haandiki. Katika kimoja ni mlevi. Katika kimoja amegeuzwa samaki na anakaa kwenye beseni, na kusema kweli huyo ndiye mwenye akili kuliko wenzake wote. Cha kumi na nne kina baba mzima, yupo nyumbani, hanywi. Amechorwa amelala nyuma ya gazeti. Mimi nauliza: sisi tumewakosea nini nyinyi wachoraji?

Pili, hakuna mtu anayefanya kazi. Mama anatoka asubuhi na mkoba, anarudi jioni na mkoba. Ndani ya mkoba kuna nini? Mtoto wa kitabuni hajui, na anayesoma naye hatajua. Wanakula, wana viatu, wana baiskeli, na vyote vimeota tu.

Tatu, mikono. Kile chenye jalada la njano, watu wote wameficha mikono: mfukoni, mgongoni, chini ya meza. Mchoraji anaogopa vidole. Usiniambie ni mtindo. Na kile cha watoto wenye kituo cha redio ndani ya tangi la maji, vile viputo vya maneno vimepangwa ovyo, unasoma jibu kabla ya swali. Mimi mwandika vibao, niliyejifunza herufi kwa kunakili makopo ya rangi, najua kwamba jicho linaanza juu.

Kuna kimoja kizuri. Kile cha msichana na bibi yake kiziwi. Kurasa kumi na moja hazina hata neno, wanakunja shuka tu, huyu ncha hii, yule ncha ile, wanakaribiana, wanaachana, wanakaribiana. Nilizirudia. Hicho kitapata ukuta wa mlangoni.

Sasa swali la mwisho. Mwaka wa ngapi huu unaniambia kitabu chako kiko njiani? Katika kumi na vinne hakimo. Njia gani hiyo isiyofika?

Ni mimi,
Baba yako


1 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kwamba unapanda ngazi ukiwa umevaa viatu, si kandambili. Kifua kimepona, na chupa niliimaliza. Mwambie Mama asiulize tena. Nywele zake nilimsifia. Akasema, "Baba yako alihitaji siku mbili," kisha akacheka mpaka simu ikakatika.

Nimesoma barua yako kazini, nikawasomea wenzangu wawili ninaoshiriki nao chumba cha kuchorea. Yule aliyechora jalada la njano alitoa mikono mfukoni. Anakusalimu. Anasema kweli anaogopa vidole.

Lakini nami nitetee ukoo wangu. Kwanza, hivi si "vitabu vya katuni" kama ulivyoandika juu ya bahasha kwa wino mwekundu. Ni riwaya za picha. Pili, baba hafi kwa chuki. Anakufa kwa sababu ukimweka nyumbani baba mwenye akili timamu, tatizo linakwisha ukurasa wa tano. Mtoto anapotea, baba anakwenda kumchukua, mwisho wa hadithi. Nani atasoma? Mtoto anayesoma anataka kuona mtoto mwenzake akipambana bila mtu wa kumshika mkono. Ndiyo maana tunawaondoa, tena tunawaondoa haraka ili isiume.

Kuhusu kazi, hapo umenikamata. 

Na umesahau kile cha msichana anayezungumza na lifti. Mimi nakipenda kuliko vyote. Hebu kisome tena taratibu, tazama mchoraji anavyochora giza la mle ndani, kila ghorofa na giza lake. Ukikasirika tena, kasirika baada ya kutazama.

Cha kwangu, Baba, tutazungumza. Bado kuna mambo.

Nakubusu mkono, ule usiofichwa.

Binti yako


24 Machi

Binti yangu,

Kwetu ni wazima. Naamini nawe ni mzima. Ungekuwa mgonjwa ungesema, au pengine usingesema, maana nimeanza kujifunza kwamba yapo mambo huyasemi.

Cha lifti nimekirudia. Giza ni zuri. Baba amekufa ukurasa wa saba.

Sasa sikia. Juzi nilikwenda maktaba kupima ukuta mkubwa, ule unaotazamana na dirisha. Mkutubi akaweka kitabu mezani. Akasema hicho ndicho watoto wanagombea, nakala mbili tu, moja jalada limeshaachana, na jalada lake ndilo anataka lijae ukuta mkubwa kutoka sakafu hadi dari. Nikavaa miwani.

Nilitambua ngazi kwanza. Kipago cha tatu kimefungwa waya. Waya ule niliufunga mimi. Kisha kofia. Kisha shati lenye kiraka begani, kiraka alichoshona mama yako kwa uzi wa rangi nyingine kwa sababu alikuwa amenikasirikia. Kisha jina lako, chini, herufi ndogo. Nikageuza ndani: kimechapishwa mwaka jana. Mwaka jana, Jicho. Kinagombewa na watoto wa mtaa mzima, mimi naambiwa kiko njiani.

Nilikisoma nimesimama. Kurasa mia moja sabini na sita. Mimi nimo katika picha tisini na tatu, na katika zote tisini na tatu ni mgongo. Mgongo juu ya ngazi, mgongo kwenye meza, mgongo unatoka mlangoni. Umechora waya wa kipago. Umechora tone la rangi nyuma ya sikio. Uso hakuna. Mama ana uso. Mwenye duka la miwani, aliyetukopa na kutukimbia, ana uso, tena umempendelea. Paka ana uso.

Pembeni yangu walikuwa wamekaa watoto wawili na ile nakala nyingine. Mmoja akamuuliza mwenzake kwa nini yule baba hageuki. Mwenzake akajibu, hana uso, ni mzimu, ndiyo maana anamtuma mtoto akasimame mbali. Akasema kwa uhakika kabisa, kama mtu anayesoma kanuni. Nami nimesimama pale na futi yangu mkononi.

Mkutubi hajui kama ni mimi. Anasubiri nianze. Yaani mimi, kwa mkono wangu, nipande ngazi ile ile, nichore mgongo wangu wenyewe urefu wa mita tatu, watoto waje watazame mzimu. Umewahi kusikia kazi kama hiyo?

Wenzako wamewaua baba zao wakamaliza. Wewe umeniacha hai ukaninyima uso. Sijui kipi ni afadhali. Walau wafu huwa wanapewa picha ukutani.

Baba yako


10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Najua hutaki kuulizwa hali, lakini nauliza. Mama ameniambia huli vizuri.

Nilipaswa kukutumia. Kitabu kilipotoka nilikifunga kwenye karatasi mara tatu, mara tatu nikakifungua. Niliogopa barua hii hii uliyoniandikia.

Ila kwa kitu kimoja sitaomba msamaha. Nimekuchora nilivyokuona.

Umesahau zile Jumamosi? Nilikuwa na miaka tisa. Unaweka ngazi, unapiga mstari kwa uzi wa chaki, kisha unaniambia, "Jicho, vuka." Navuka barabara, nasimama ng'ambo peke yangu, kwa sababu aliye juu ya ngazi yuko karibu mno na herufi, haoni kama zimenyooka. Sawa, hilo nalielewa leo, hata mimi nikichora narudi nyuma hatua kadhaa. Lakini nilikuwa mtoto. Wenzangu Jumamosi walikuwa wanashikwa mkono kuvushwa. Mimi nilitumwa ng'ambo kupiga kelele: ya tatu imeshuka, ya mwisho imelala kushoto, panda kidogo, basi. Nakunyooshea kidole, napiga kelele mpaka koo linawasha, nawe hugeuki. Lori likipita sauti yangu inapotea kabisa, lakini nilipotazama tena umesharekebisha. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Nikasema moyoni, kumbe hanihitaji. Anajua mwenyewe. Ameniweka huku ili nisimsumbue.

Duka la miwani, duka la viatu, duka la dawa, saluni ya kona. Miaka mitatu ya Jumamosi. Nakumbuka kila kibao. Nakumbuka shati. Uso wako wa siku zile, Baba, nikifumba macho siupati. Si hasira. Haupo tu.

Na sasa nina shida. Wachapishaji wanataka kitabu cha pili, wanataka mwisho wa Oktoba. Mhariri amesema mtu wa ngazini lazima ageuke, ndicho wasomaji wanachosubiri, barua wanazopata zote zinauliza hilo. Nimejaribu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila nikimgeuza anakuwa mtu mwingine, mtu wa tangazo la dawa ya meno. Siwezi kumbuni. Kitabu cha kwanza sikubuni kitu.

Kwa hiyo nakuomba, na ninaomba kwa heshima zote. Niambie siku moja uliyogeuka ukanitazama. Siku moja tu. Nitaichora hiyo.

Mwanao


2 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua yangu ya Aprili haijajibiwa. Simu anapokea Mama. Nikiuliza anasema umekwenda maktaba, au unatoka maktaba, au umekaa unachanganya rangi na hutaki kusemeshwa. Sijui kama umeukubali ukuta au umeukataa. Kama umeukataa sikulaumu. Mwambie Mkutubi mchoraji mwenyewe amekuombea udhuru.

Mhariri ameuliza tena. Nimempa nusu ya kwanza. Nusu ya pili inasimama pale pale, mtoto yuko ng'ambo, baba yuko juu, karatasi nyeupe. Kama jibu lako ni kwamba siku hiyo haipo, naomba uniandikie hivyo. Nitamwambia hageuki, wakitaka wakichape, wasipotaka basi. Kinachonisumbua ni kutojua.

Goti je?

Mwanao


15 Agosti

Binti yangu,

Pokea salamu. Goti lipo.

Kazi imekwisha, ndiyo maana naandika. Siandiki katikati ya kazi. Ndani ya bahasha utakuta picha tatu, alizipiga Mkutubi, ya pili imeinama kidogo lakini utaona.

Ukuta wa mlangoni: msichana na bibi yake wanakunja shuka. Mikono yote minne inaonekana, vidole ishirini, yule mwenzako wa jalada la njano aje ahesabu. Ukuta wa bombani: baba samaki kwenye beseni. Watoto wanamnyunyizia maji wakipita, rangi nimeipiga vanishi mara mbili kwa sababu hiyo. Lifti sikuiweka. Giza lile ni la karatasi, ukutani lingekuwa doa.

Ukuta mkubwa: jalada lako. Nilifikiri sana kuhusu huo ukuta. Nilikwenda mara nyingi nikakaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu, nikautazama mweupe. Mkutubi akanipa vitabu vingine nisome wakati nasubiri hasira zishuke. Nimesoma tisa zaidi. Katika vyote tisa watu wanakumbatiana ukurasa wa mwisho, hata waliokuwa wanapigana ukurasa wa kabla yake. Watu hawakumbatiani hivyo. Watu wanaulizana kama wamekula.

Mwishowe nimekuchorea mgongo wako. Waya upo, kiraka kipo, tone la rangi lipo. Sikubadilisha hata uzi, maana mteja ameagiza jalada, na mimi sijawahi kumpa mteja kitu ambacho hakuagiza. Tatizo lilikuwa kunyoosha zile herufi za jina la kitabu. Nilimwomba Mkutubi asimame upande wa pili aniambie. Kila nikimuuliza anasema iko sawa. Ya kwanza iko sawa, ya pili iko sawa, nikaichora ya nne makusudi ikiwa imelewa, akasema iko sawa. Huyo ni mama mzuri sana lakini jicho hana. Nilishuka na kupanda mwenyewe kwa kila herufi, na hilo goti ndilo lililomaliza kazi.

Ukuta wa nne, ule wa dirishani unaotazamana na mgongo, niliomba niachiwe, nikaachiwa. Picha ya tatu ndiyo hiyo. Ng'ambo ya barabara, mtoto amesimama, amenyoosha kidole, mdomo wazi. Hayumo hivyo kitabuni mwako. Kitabuni, pale ng'ambo tunaona kwa macho yake, yeye haonekani. Sikunakili popote. Nimemchora kutoka kichwani, uso na vyote.

Hilo ndilo jibu langu.

Baba yako


3 Septemba

Baba,

Shikamoo. Picha zimefika, nami nimeziweka ukutani juu ya meza yangu. Nasema ukweli wote, kama ulivyonifundisha kusema ukweli kuhusu herufi.

Picha ya tatu nilipoitoa nililia. Soksi moja imeshuka. Ncha ya msuko iko mdomoni, kitu nilichokuwa nakifanya na hakuna anayekikumbuka, hata mimi nilikuwa nimekisahau. Pengo la jino. Ile sketi ya Mama iliyopunguzwa ikawa yangu, na mfuko wake mmoja.

Kisha nikatazama vizuri, machozi yakakauka. Kovu liko kwenye nyusi ya kulia.

Kovu langu liko kushoto, Baba. Nililipata kwenye ngazi hiyo hiyo. Wewe ndiye ulinibeba, wewe ndiye ulinishika kichwa wakati nashonwa. Na mfuko ulikuwa kushoto, umeuweka kulia. Na soksi iliyokuwa inashuka ni ya kushoto, kila mtu nyumbani aliicheka, umeishusha ya kulia. Kama ingekuwa moja ningesema ni uzee. Vyote vitatu?

Mimi nimekunyima uso kwa sababu sikuubuni. Wewe umenipa uso wa kubuni, ukauweka ukutani mbele ya watoto wa mtaa mzima, ukaandika "hilo ndilo jibu langu." Basi nimelipata. Hata wakati umenishika kichwa hukuwa unanitazama.

Nitamwambia mhariri kwamba mtu wa ngazini hageuki. Sina uchungu. Au ninao, lakini nina kazi ya kumaliza.

Mwanao


20 Septemba

Mwanangu Jicho,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekula. Sisi tumekula.

Umeniandikia barua ya dharau na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mama yako akisikiliza. Sasa nijibu moja baada ya jingine, na unisome polepole kama nilivyoisoma lifti.

Ulitaka siku moja niliyogeuka. Haipo. Sikugeuka hata siku moja, na kesho ukinirudisha pale sitageuka. Mtu hageuki juu ya ngazi. Mguu mmoja uko hewani, mkono una kopo, mwingine una brashi. Anayegeuka kutazama nyuma anashuka kwa kichwa. Wewe mwenyewe uligeuka kwenye kipago cha tatu ulipoitwa na paka, ndiyo hilo kovu. Baada ya siku ile ndipo nikaanza kukutuma ng'ambo. Huko hakukuwa na ngazi.

Lakini kulikuwa na barabara. Sasa fikiri, wewe uliyesoma. Mimi nimuweke mtoto wa miaka tisa ng'ambo ya barabara ya malori, peke yake, kisha nimpe mgongo asubuhi nzima nikijipigia rangi zangu? Ndivyo unavyonijua?

Umeyaorodhesha mwenyewe kwenye barua ya Aprili. Duka la miwani. Duka la viatu. Duka la dawa. Saluni ya kona. Hebu sema, hayo yote yana nini? Yana vioo, Jicho. Vioo vikubwa, kutoka kiunoni hadi juu, na mimi naandika kwenye kioo chenyewe au juu yake tu. Kuta tupu nilikuwa nazo pia, tena nyingi: ghala, karakana, uzio wa kiwanda cha mikate. Umewahi kusimama ng'ambo ya ghala? Hujawahi. Kuta tupu nilizifanya ukiwa darasani. Mwenye ghala alitaka Jumamosi tu, nikamkatalia, akampa fundi mwingine na bado ananisema. Jumamosi nilichukua kazi za vioo peke yake, ili nyuma yangu pawe mbele yangu.

Nilikuona wakati wote. Nilikuona ukitafuna msuko. Nilikuona unapiga teke kijiwe, unaogopa mbwa wa muuza matairi, unajifanya huogopi. Lori likipita sauti ilikatika, lakini kidole chako nilikiona ukinyoosha chini, basi nikajua ni ya tatu na imeshuka. Ndiyo maana nilirekebisha. Unasema ulidhani sikuhitaji. Nilimaliza ukuta huu nikishuka na kupanda kila herufi kwa sababu hukuwapo, nawe unasema sikuhitaji.

Na kwenye kioo, kovu la kushoto linakaa kulia. Mfuko unakaa kulia. Soksi inashuka kulia. Sikukosea. Nilipopanda kukuchora mkono ulikwenda wenyewe ulikozoea. Watoto wa maktaba wameshaona, wanashindanisha ukuta na kitabu chako, ukurasa ule wenye picha yako ya shule. Wananiambia fundi umekosea, rekebisha. Mkutubi naye ameuliza, kwa ile sauti yake ya chini. Nimewajibu wote kwamba sirekebishi. Ndivyo alivyokuwa.

Sasa kuhusu mhariri wako. Mwambie yuko sahihi kwamba wasomaji wanausubiri uso, lakini asinigeuze, ataniangusha. Uso upo, na ulikuwapo siku zote. Kama mimi nilikuona kwenye kioo, basi nawe ungeniona humo humo, katikati ya herufi, namtazama mtoto wangu. Ungenyanyua tu macho kutoka kwenye mstari. Ila nilikutuma utazame herufi, nawe ukatazama herufi, hukuchepuka hata mara moja. Kazi uliifanya vizuri mno. Hilo siwezi kulilalamikia, ingawa nimetafuta namna.

Basi chora kioo. Mwache mtu na mgongo wake, chora herufi mbili tatu, na kati yake uso, mdogo. Nywele zilikuwa nyeusi. Pua usiizidishe.

Baba yako

N.B. Mama yako ameisoma kabla sijafunga bahasha. Anasema niongeze kwamba kila Jumamosi nilirudi nikiwa siwezi kula kwa ajili ya yale malori, na kwamba hiyo nayo inafaa kitabuni. Mimi sioni umuhimu wake. Ukipiga simu mwambie nimeiandika.